Mkasi na Sauti: Utolewaji wa Filamu za Katuni za Kijapani na Usimulizi wa Kiswahili Handeni na Korogwe

Ikisiri

Historia ya utolewaji wa filamu za katuni za Kijapani kwa kawaida huandikwa kwa kufuata tarehe za uzinduzi, majina ya wasambazaji na lugha zilizotiwa sauti rasmi. Makala haya yanadai kuwa kipimo hicho hakitoshi kwa mtazamaji wa Handeni na Korogwe, ambaye filamu humfikia kwa kuchelewa, kwa njia zisizo rasmi na mara nyingi kupitia sauti ya msimulizi. Kwake, filamu hutolewa upya kila inaposimuliwa upya. Kwa kuihakiki Mononoke-hime (1997) ya Hayao Miyazaki, makala yanaonesha kuwa filamu iliyokingwa dhidi ya mkasi wa wasambazaji bado inaweza kukatwa na msamiati, na kwamba Kiswahili, kikitumiwa kwa kuzingatia tajriba ya wenyeji, kinaweza kurudisha baadhi ya yaliyopotea katika toleo la Kiingereza. Makala yanapendekeza kuwa simulizi za filamu zihakikiwe kama matini za fasihi simulizi na zihifadhiwe.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kushughulikia tafsiri za vitabu. Tamthilia za Shakespeare zilizotafsiriwa na Julius Nyerere, kwa mfano, zimejadiliwa kwa miongo mingi, na wanafunzi wa tafsiri hufundishwa kupima kila uamuzi wa mfasiri. Tafsiri ambayo huenda imewafikia watu wengi zaidi katika miji midogo ya Tanzania haijapata bahati hiyo. Hiyo ni tafsiri ya mdomo inayorekodiwa juu ya filamu za kigeni na wasimulizi wanaojulikana mitaani kama madijei wa muvi. Kazi zao zimeoneshwa katika vibanda umiza, zimeuzwa katika diski, zimenakiliwa katika flashi na sasa hubebwa ndani ya simu. Pamoja na hayo, zinapotajwa, hutajwa zaidi katika mijadala ya hakimiliki kuliko katika mijadala ya fasihi.

Handeni na Korogwe ni mahali panapofaa kulitazama suala hili. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga zimeunganishwa na barabara na biashara, na pia na watu wenyewe: Wazigua, Wasambaa, Wabondei, Wanguu, na wazao wa vibarua walioletwa kutoka pande nyingi kulima mkonge. Kiswahili ni lugha yao ya pamoja, lakini nyuma yake zimesimama lugha nyingine zenye maneno yake kuhusu misitu, mizimu na matambiko. Kwa hiyo, filamu inayosimuliwa kwa Kiswahili hapa haipokewi na masikio yenye lugha moja.

Hoja inayojengwa ni kwamba kila utolewaji wa filamu ni tendo la kutafsiri na kila tafsiri huacha kitu nje. Swali la mhakiki ni nani aliyeacha, ameacha nini, na hadhira imebaki na uwezo gani wa kukirudisha. Sehemu ya pili inapitia kwa ufupi historia ya utolewaji wa baadhi ya filamu za Miyazaki. Sehemu ya tatu inaiweka sauti ya msimulizi katika historia yake, ambayo sura yake moja iliandikwa Vugiri, Korogwe. Sehemu ya nne inahakiki Mononoke-hime, na ya tano inajadili haki na hifadhi.

2.0 Tarehe na Mkasi

Filamu ya Kaze no Tani no Naushika, ijulikanayo kimataifa kama Nausicaä of the Valley of the Wind, ilianza kuoneshwa Japani tarehe 11 Machi 1984. Mwaka uliofuata ilitolewa Marekani kwa jina la Warriors of the Wind. Zaidi ya dakika 20 zilikuwa zimekatwa, na binti mfalme Nausicaä alikuwa amepewa jina la Zandra. Sehemu kubwa ya kilichoondolewa ni ile inayomfanya mtazamaji aelewe kwa nini msitu wenye sumu upo na kwa nini wadudu wakubwa wanaulinda. Bila sehemu hizo, hadithi ya binadamu anayejifunza kuisikiliza ardhi iliyojeruhiwa iligeuka kuwa hadithi ya vita dhidi ya madude. Watazamaji wa Kiingereza walisubiri hadi 2005 kupata toleo kamili lililotiwa sauti upya.

Tukio hilo liliacha funzo. Studio Ghibli, iliyoanzishwa mwaka 1985, ilipokubaliana na Disney mwaka 1996 kuhusu usambazaji wa filamu zake nje ya Japani, sharti lilikuwa kwamba filamu hazitakatwa. Mononoke-hime ilianza kuoneshwa Japani tarehe 12 Julai 1997 na kuvunja rekodi ya mapato ya sinema nchini humo, kabla ya rekodi hiyo kuchukuliwa na Titanic. Mwaka 1999 ilitolewa Marekani na kampuni ya Miramax, kwa maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa na mwandishi Neil Gaiman. Picha haikupunguzwa. Miaka miwili baadaye, Julai 2001, ilitoka Sen to Chihiro no Kamikakushi, iitwayo Spirited Away kwa Kiingereza. Filamu hiyo ilipata Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin mwaka 2002 na tuzo ya Oscar mwaka 2003.

Mfululizo huu wa tarehe ndio unaoitwa historia ya utolewaji. Una mantiki yake, lakini ni mantiki ya miji yenye kumbi za sinema na wasambazaji wenye mikataba. Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994, miaka kumi baada ya Nausicaä. Hale, wilayani Korogwe, maji ya mto Pangani yamezalisha umeme tangu miaka ya 1960, lakini umeme kuzalishwa jirani si sawa na umeme kuingia nyumbani. Katika mazingira kama hayo filamu za kigeni zilipitia mkanda wa VHS, kisha diski moja iliyosheheni filamu nyingi, kisha flashi. Netflix ilianza kupatikana Tanzania Januari 2016, na kati ya Februari na Aprili 2020 iliweka filamu 21 za Ghibli kwa watazamaji wa nje ya Japani, Marekani na Kanada. Iliahidi manukuu katika lugha 28. Kwa mwenye kadi ya benki na intaneti ya uhakika, pengo la miaka 36 lilizibwa kwa miezi mitatu.

Wengi hawakuwa na vyote viwili. Tena, kupatikana kwa filamu si sawa na kueleweka kwake. Mtazamaji wa Korogwe aliyeipata Mononoke-hime, kwa njia halali au isiyo halali, kwa kawaida aliipata kwa Kiingereza, yaani katika lugha ambayo tayari ilikuwa imeshafanya uamuzi wake kuhusu maneno ya Kijapani. Anayetaka kuisimulia kwa Kiswahili naye huanzia hapo. Ni tafsiri ya tafsiri, na mkasi uliokatazwa kugusa picha unaweza kuwa umefanya kazi yake katika maneno.

3.0 Sauti Juu ya Picha: Kutoka Vugiri hadi Kibanda Umiza

Sauti ya kueleza picha si jambo geni wilayani Korogwe. Kati ya 1935 na 1937, Vugiri, katika milima ya Usambara, palikuwa makao ya Bantu Educational Kinema Experiment, mradi uliosimamiwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa ufadhili mkubwa wa Shirika la Carnegie. Mradi huo ulitengeneza filamu fupi za mafunzo kuhusu kilimo, kodi, akiba ya posta, malaria na safura, kisha ukazizungusha kwa lori katika Tanganyika na makoloni ya jirani. Picha zilipigwa bila sauti. Maelezo yalirekodiwa kando katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kiafrika.

Mambo mawili ya Vugiri yanahusu mjadala huu. La kwanza ni kwamba utengano wa picha na sauti uliiwezesha filamu moja kuwa filamu nyingi, kwani kila lugha ilikuwa toleo lake. La pili ni kwamba sauti hiyo ilikuwa ya kuagiza. Hadhira ilielezwa namna ya kulima, kulipa kodi na kulea watoto, na haikutarajiwa kuijibu picha. Matini iliyoandikwa na mwenye mamlaka ilisomwa kwa lugha ya mtawaliwa. Lugha ilikuwa ya wenyeji, lakini usemi haukuwa wao.

Upande wa pili wa dunia, Japani ilikuwa na desturi iliyofanana kwa umbo na kutofautiana kwa roho. Katika enzi ya filamu bubu, kando ya pazia alisimama benshi, msimulizi aliyewasemea wahusika wote, akaeleza mandhari, akatania na kuliza. Watu walichagua jumba la sinema kwa jina la benshi kama walivyochagua kwa jina la mwigizaji. Filamu za katuni za mwanzo za Japani, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1917, zilizaliwa ndani ya desturi hiyo. Filamu zenye sauti zilipoenea katika miaka ya 1930, benshi walipoteza kazi. Miongoni mwao alikuwa Heigo Kurosawa, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, aliyejiua mwaka 1933. Kwa Wajapani, basi, sauti ya msimulizi juu ya picha ni sanaa yao wenyewe iliyokufa walipokuwa wakiitazama.

Dijei wa muvi wa Kiswahili ni jamaa wa karibu wa benshi, ingawa hawakufahamiana. Matthias Krings, katika makala yake ya mwaka 2010 kuhusu sanaa hii Tanzania, anaichambua kwa sitiari ya wali kugeuzwa pilau: chakula ni kilekile, lakini viungo vimebadilisha ladha na hadhi yake. Lufufu, jina la kisanii la Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, ni miongoni mwa waliojenga mtindo huo. Nchini Kenya DJ Afro amejipatia hadhira kubwa, na nchini Uganda maveejay kama VJ Jingo wamefanya hivyo kwa Kiganda. Kwa jumla, msimulizi hujitambulisha kama mtambaji wa ngano anavyofungua hadithi. Huwapa wahusika majina ya utani, hufupisha mazungumzo marefu, hupenyeza methali, hutabiri yajayo na hutoa hukumu ya kimaadili. Hizo ni sifa ambazo nadharia ya fasihi simulizi huzitambua bila shida: utendaji, ubunaji papo kwa papo, na hadhira inayozingatiwa hata pale isipoonekana.

Hata hivyo, kwa mtazamaji wa Handeni, sauti ya dijei wa Dar es Salaam nayo inatoka mbali. Haiagizi kama ile ya Vugiri, lakini inabeba Kiswahili cha jiji, utani wa jiji na imani za jiji. Kulisifia toleo la Kiswahili kwa sababu tu ni la Kiswahili ni kusahau kwamba Kiswahili nacho kina mijini na mashambani. Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi inapotazamwa filamu inayohusu msitu.

4.0 Mononoke-hime Mbele ya Hadhira ya Handeni na Korogwe

Katika filamu hii, kijana Ashitaka wa jamii ya Waemishi anamuua Nago, nguruwe mwitu mkubwa aliyekuwa mungu wa msitu wake na ambaye amegeuka kuwa kiumbe cha ghadhabu baada ya kupigwa risasi ya chuma. Mkono wa Ashitaka unapata laana itakayomuua. Analazimika kukata nywele na kuondoka kijijini, na haruhusiwi kusindikizwa. Safari inamfikisha kwenye mji wa wafua chuma unaoongozwa na Bibi Eboshi, ambao uko vitani na msitu wa mbwamwitu Moro na San, binti aliyelelewa naye. Uchambuzi ufuatao haumhukumu msimulizi mmoja. Unapima njia ambazo Kiswahili kinampa yeyote anayeisimulia filamu hii.

4.1 Mungu, Mzimu, Pepo au Shetani?

Kijapani kinamwita Nago tatarigami, neno linalounganisha tatari, yaani madhara yanayoletwa na nguvu iliyokosewa, na kami, yaani mungu au nguvu takatifu. Maana yake si kiumbe kiovu kwa asili. Ni kitakatifu kilichokosewa na sasa kinadhuru. Toleo la Kiingereza lilichagua neno demon. Anayetoka hapo kwenda kwenye Kiswahili hukuta neno lililo tayari, nalo ni shetani, au pepo mchafu, au jini. Akilichukua, tamthilia nzima imeshahukumiwa kabla haijaanza, kwa kuwa shetani hana kisa cha kusikilizwa wala hajapata kukosewa na mtu. Dawa yake ni kufukuzwa. Filamu inayouliza nani aliyemkosea Nago hugeuka kuwa filamu ya kupunga pepo.

Neno mungu nalo lina ugumu wake. Katika maandishi, herufi ndogo humtofautisha mungu wa msitu na Mungu wa Waislamu na Wakristo. Katika usimulizi wa mdomo herufi hiyo haipo, kwani mungu na Mungu ni sauti moja. Msimulizi anayetamka kwamba mungu amepigwa risasi na kuoza anatamka jambo litakalowashtua wasikilizaji wengi kwa namna ambayo filamu haikuikusudia. Wingi wake, miungu, huja na harufu ya ibada ya sanamu kutoka mimbarini na msikitini.

Linabaki neno mzimu. Katika Kiswahili mzimu ni nguvu ya waliotangulia, na pia ni mahali panapotambikiwa. Uzigua na Usambaa una misitu iliyohifadhiwa kwa karne nyingi kwa sababu ya matambiko, ambamo kukata mti au kuingia bila idhini ni kosa lenye matokeo. Mzimu huheshimiwa, hukasirika ukipuuzwa na hutulizwa kwa tambiko. Huo ndio mantiki wa tatari karibu neno kwa neno. Mwanzoni mwa filamu, bibi mkuu wa kijiji humwinamia Nago anayekufa, huahidi kumheshimu pale alipoangukia, na humwomba asiwe na kinyongo. Kwa mtazamaji wa Marekani, tendo hilo lilihitaji kuelezwa. Kwa mzee wa Handeni, neno moja linatosha: anatambikia.

Sarufi pia inasema kitu. Kwa umbo, mzimu uko katika ngeli ya U-I pamoja na mti, mto na msitu, na msimulizi anaweza kusema mzimu umekasirika au mzimu amekasirika. Upatanisho wa kwanza unauweka ndani ya mazingira, na wa pili unampa nafsi. Filamu inaishi hasa katika mpaka huo. Nago na Moro wanasema kama watu, hivyo wanastahili a-. Shishigami, mwenye msitu anayekanyaga majani yakachipua na kunyauka, hasemi neno hata moja, na u- inamfaa zaidi. Kiingereza kingeweza kutofautisha kwa kiwakilishi tu. Kiswahili hubeba tofauti hiyo katika kila kitenzi, na msimulizi makini anaweza kuitumia bila kuongeza hata sentensi moja ya maelezo.

Faida nyingine ya Kiswahili iko katika maneno ya udugu. Kaya, msichana anayempa Ashitaka kisu cha kumbukumbu usiku wa kuondoka, humwita anisama, neno la heshima kwa kaka, ingawa si ndugu wa tumbo moja na uhusiano wao una dokezo la uchumba. Ni neno linalomtatiza mfasiri wa lugha ambamo kaka ni wa damu tu. Msimulizi wa Kiswahili atasema kaka, na kila msichana wa Chanika au Mombo ataelewa upana wa neno hilo.

4.2 Nguruwe na Mwindaji Aliyefukuzwa

Hadhira hii pia ina hadithi yake ya mwindaji, nguruwe na uhamisho. Habari za Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy na kuhaririwa na J. W. T. Allen katika toleo la 1962, inasimulia habari za Mbega. Alizaliwa Nguu akiwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ndugu zake wakamnyima urithi kwa kumwona ana mkosi. Alikwenda Kilindi, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni hadi lilipofanywa wilaya mwaka 2002, na huko mtoto wa mtawala alikufa walipokuwa wakiwinda nguruwe pamoja. Mbega akakimbia tena, akavuka kuelekea milima ya Usambara, na mwishowe akawa mtawala wa Vuga.

Ulinganifu na Ashitaka uko wazi: kijana mwenye alama ya mkosi mwilini, nguruwe kama chanzo cha msiba, jamii inayomtoa mtu wake, na mgeni anayefika kati ya makundi yanayohitaji mwamuzi. Mtazamaji aliyelelewa na hadithi ya Mbega hahitaji kufundishwa kwa nini mtu asiye na kosa anaweza kufukuzwa, wala kwa nini aliyefukuzwa anaweza kuwa bora kuliko waliomfukuza. Ana kiunzi tayari cha kuipokea filamu.

Lakini kiunzi hicho pia kinaipinga filamu, na hapa ndipo ulinganifu unapozaa uhakiki. Mbega alipendwa na Wasambaa kwa sababu aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba na kuwagawia nyama. Nguruwe wa Habari za Wakilindi ni adui wa mkulima, na hadi leo mkulima wa mahindi wa Handeni hamwoni vinginevyo. Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika eneo hili, ni mnyama haramu. Filamu inayomtaka mtazamaji amlilie nguruwe Okkoto, kipofu anayeongoza jeshi lake kwenye kifo, inaomba jambo zito. Msimulizi anaweza kukwepa kwa kusema ngiri, neno lisilobeba hukumu ya dini, au anaweza kusema nguruwe na kuliacha neno liume. Njia ya kwanza inalinda hadhira, ya pili inalinda filamu. Penye uchaguzi wa namna hii pana kazi ya sanaa, na penye kazi ya sanaa mhakiki hana ruhusa ya kupita kando.

Tofauti ya mwisho wa hadithi hizi mbili ni kubwa zaidi. Mbega anapewa utawala, na nguruwe wanashindwa. Ashitaka hapewi chochote: msitu unarudi ukiwa mwingine, San anabaki porini, naye anabaki kusaidia kuujenga mji. Simulizi itakayomtawaza Ashitaka ili kuiridhisha hadhira itakuwa imekata kama Warriors of the Wind ilivyokata.

4.3 Mkaa na Kambi

Wahakiki wengi huuzungumzia mji wa Eboshi kwa neno chuma. Lakini tatara, tanuri la asili la Kijapani linaloupa mji huo jina, halichomi chuma peke yake. Linakula mkaa, na mkaa ni msitu. Eboshi anapokata miti ya mlima anapata nafasi ya kuchimba mchanga wa chuma na nishati ya kuuyeyusha. Katika Kiingereza jambo hili hubaki nyuma ya jina Irontown. Katika Kiswahili cha mtu wa Mkata au Kabuku, kando ya barabara kuu ambako magunia ya mkaa husubiri magari ya Dar es Salaam, kulitaja neno mkaa mara moja ni kuitoa filamu katika enzi za samurai na kuileta barazani. Anayechoma mkaa si mwovu. Ana ada za shule za kulipa. Eboshi naye si mwovu, na ndiyo sababu filamu haiishi kwa ushindi wa upande mmoja.

Mji wa Eboshi pia ni mahali pa waliokataliwa: wanawake walionunuliwa kutoka madanguroni wanakanyaga mivukuto, na wagonjwa waliofungwa bendeji wanatengeneza bunduki. Ni kambi ya kazi inayotoa chakula na heshima kwa gharama ya ardhi ya mwingine. Korogwe inaijua kambi ya namna hiyo. Mashamba ya mkonge yalifyeka nyika na kuwakusanya manamba kutoka mbali, waliopewa namba kabla ya kuitwa kwa majina. Humo ndimo zilipozaliwa familia, ngoma na Kiswahili cha watu wa makabila mengi. Wajukuu wa manamba hawawezi kuilaani kambi bila kulaani asili yao, wala kuisifia bila kusahau jasho. Wakimtazama Eboshi kwa macho hayo, wanamwona alivyochorwa: mtu anayestahili shukrani na mashtaka kwa pamoja. Msimulizi anayemwita jambazi au mwanamke katili, kwa mazoea ya filamu za mapigano zinazotaka adui mmoja, anawanyima kile ambacho wao kuliko watazamaji wengine wangekipokea.

5.0 Haki, Hifadhi na Wajibu wa Mhakiki

Hoja hizi hazifuti suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye kazi, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inadhibiti maonesho. Filamu inayonakiliwa na kuuzwa bila idhini inamnyima mwenyewe stahiki yake, awe Tokyo au Tanga. Wasanii wa filamu wa Tanzania wamelalamikia hasara hiyohiyo, na si haki kuwatetea wao na kuwapuuza wengine.

Hata hivyo, uharamu wa nakala hauifuti sanaa ya sauti iliyowekwa juu yake. Vyombo vya sheria vina sababu ya kuiteketeza diski, lakini mtafiti ana sababu ya kunukuu kilichosemwa ndani yake. Tofauti na ngano za Wazigua na Wasambaa, ambazo wataalamu walizikusanya kwa daftari na kinasa sauti, simulizi za filamu hufutika kila flashi inapojazwa upya. Tayari kizazi cha mikanda ya VHS kimepotea kwa kiasi kikubwa. Idara za Kiswahili zinazowatuma wanafunzi kukusanya methali na nyimbo za jando zinaweza kuwatuma pia kunakili simulizi hizi kwa maandishi, kwa madhumuni ya utafiti na kwa kuzingatia sheria, na kuuliza maswali yaleyale: nani alisimulia, kwa nani, wapi, na alibadilisha nini.

Liko pia suala la kibali kinachofuata. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza kurushwa na TBC1 mwaka 2014, kimethibitisha kuwa watoto wa Kitanzania wanaweza kupewa katuni bora kwa lugha yao. Siku filamu za Kijapani zitakapotiwa sauti rasmi kwa Kiswahili, mtafsiri atahitaji pa kuanzia. Akianzia kwenye maandishi ya Kiingereza na kamusi, atapata shetani. Akianzia pia kwenye masikio ya Handeni na Korogwe, atapata mzimu.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa utolewaji wa filamu hauishi siku ya uzinduzi. Nausicaä ilikatwa kwa mkasi mwaka 1985, na kosa hilo likarekebishwa kwa kurudisha dakika zilizoondolewa. Mononoke-hime haikupoteza dakika yoyote, lakini katika safari yake kutoka Kijapani kwenda Kiingereza ilipoteza mzimu wake, na dakika haziwezi kuurudisha. Unaweza kurudishwa na lugha ambayo bado ina neno la kiumbe kitakatifu kilichokosewa, ngeli inayokiweka kati ya mti na mtu, na hadhira inayokumbuka mwindaji aliyefukuzwa na kambi iliyolelea watu. Lugha hiyo inaweza pia kushindwa, ikifuata njia fupi ya jiji na kumwita shetani kila asiyefahamika. Kati ya uwezekano huo wawili anasimama msimulizi, mtu asiye na jina katika historia za sinema. Uhakiki wa Kiswahili ukiendelea kumwacha nje, utakuwa umetumia mkasi uleule.